Wifi Mstarini, Wifi Darajani

3 Machi

Wifi yangu,

Mimi mzima, tanuri zima, binti yangu anaongezeka urefu na mdomo. Goti la kushoto tu ndilo lina maneno, nalo nimelizoea kama nilivyokuzoea wewe. Wasiwasi wangu wote uko kwako, huko ulikokwenda kukaa na mashuka ya wagonjwa.

Usiniulize kwa nini sipigi simu. Tukipigiana tunaishia kulia, halafu kila mmoja anakata akidhani mwenzake kachoka. Kwenye barua nalia kwanza, nafuta uso, ndipo naandika. Isitoshe Kocha ametuzoesha. Tangu ahamie kwa mwanawe baada ya kupasuliwa goti, anatufundisha mbio kwa posta. Masikio yake na simu hawapatani tena, kwa hiyo kila mwanachama anamwandikia amekimbiaje, naye anajibu kwa mistari miwili mitatu kana kwamba maneno yanamwishia.

Sasa sikiliza. Mbio za kilomita kumi ni mwezi wa saba, klabu zote zitakuwepo, na Kocha ametuma mpangilio wa wawili wawili. Nimepangwa na wewe! Nilipousoma nilipiga kelele mle dukani mpaka mteja akaondoka bila mkate wake.

Najua hujakimbia na mtu tangu kaka alipofariki. Najua pia sheria hii ni yake, na ndiyo maana inakuuma: kila mmoja akimbie kwa mwendo wake, lakini wa mbele asivuke mstari wa mwisho mpaka mwenzake afike, wavuke pamoja. Klabu nyingine zinatucheka. Kila mwaka tunashika nafasi ya aibu kwa sababu ya kusimama simama, kila mwaka Kinyozi anaomba sheria ifutwe, na kila mwaka tunamzomea. Kaka alikuwa akimwambia, kama unataka kufika peke yako, klabu ya nini, si ukimbie tu na kivuli chako?

Chumba chenu kiko vile vile mlivyokiacha. Nafuta vumbi kila Jumamosi. Viatu vyenu vya mbio viko chini ya kitanda, jozi mbili, pua zikitazama mlango. Binti yangu analala sebuleni na analalamika kuhusu kochi, mimi najifanya sisikii. Njoo wiki moja kabla ya mbio. Ukweli ni kwamba nataka urudi moja kwa moja, lakini hilo nitalisema ukishakula ukashiba.

Wifi yako wa mikate


19 Machi

Wifi mpenzi,

Barua yako imefika na unga ndani ya bahasha. Niliinusa kabla ya kuisoma.

Mimi sijambo. Hapa dobi la hospitali nina mashine nne kubwa na ya tano inayojifanya kubwa. Asubuhi mikokoteni inashuka kutoka wodini imejaa, na mchana inapanda na mashuka yaliyokunjwa pembe kwa pembe. Wasichana ninaowasimamia wananiita Bi Pembe, wanadhani sijui. Bomba la mvuke lilipasuka mwezi uliopita tukafua kwa maji baridi, mikono ikawa kama samaki. Sasa limetengenezwa vizuri sana.

Nitakimbia na wewe. Nimeshaanza mazoezi. Lakini nitakuja na basi la kwanza asubuhi ya mbio na kurudi jioni yake, kazi hainiachii nafasi. Usinitayarishie chumba, wifi. Mruhusu binti alale humo. Msichana wa umri wake anahitaji mlango wa kufunga.

Nakupenda. Nalisema hapa kwa sababu mdomoni linakwama.

Wifi yako


7 Aprili

Kocha, shikamoo.

Goti linaendeleaje?

Mazoezi: nakimbia jioni kuzunguka ukuta wa hospitali, na Jumapili naenda mpaka kiwanda cha matofali na kurudi. Pumzi ipo, miguu ipo. Kichwa ndicho hakipo, na hicho ndicho kimenifanya nichukue karatasi ya pili.

Kuna mtu. Ni fundi bomba wa hapa hospitalini. Bomba la mvuke lilipopasuka alikuja akalala chini ya mashine yangu mchana kutwa. Alipotoka alikuwa mweusi tii, akaniomba radhi kwa kuchafua sakafu, kisha akachukua ndoo akapiga deki mwenyewe. Sijawahi kuona fundi akipiga deki. Tumekuwa tukizungumza tangu siku hiyo. Si mtu wa maneno mengi. Hana ndugu hata mmoja, alizaliwa peke yake na wazazi wake walishafariki. Sasa ameniomba tuoane.

Sikusema hapana. Nilisema kuna mtu ambaye lazima nimwambie kwanza, na mtu huyo siwezi kumwambia.

Unamjua. Mume wangu hakuniachia mtoto, Kocha. Tungekuwa na mtoto, wifi angebaki kuwa shangazi yake siku zote, hata tukinuniana. Lakini sisi tumeshikana kwa jina la mtu mmoja tu, naye yuko kaburini. Nikiolewa, nitakuwa nani kwake? Mwanamke aliyewahi kuishi kwao? Huyu ndiye aliyenifundisha kukanda unga nilipokuja mgeni sijui hata kuchemsha maji kwa jiko lao. Siku ya mazishi alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi, na hakuuachia, yeye ambaye alikuwa anamzika nduguye. Nampenda kuliko dada niliozaliwa nao, na dada zangu wanajua.

Naomba unipange na Kinyozi. Siwezi kukimbia mbio za marehemu, kwa sheria ya marehemu, na dada wa marehemu, huku moyoni nina jambo hili. Nitabanwa na kichomi kabla ya kilomita ya pili.

Msimamizi wa dobi


15 Aprili

Binti,

Goti linapinda. Ombi limekataliwa. Kinyozi ana mwenzake.

Uliyoniambia yamebaki kwangu. Hata ningetaka kuyasema, humu ndani hawamsikilizi mzee. Lakini mwambie mwenyewe, na umwambie mapema. Unavyochelewa ndivyo unavyopumua nusu nusu, na kichomi chako kinatoka hapo.

Jumanne kimbia polepole. Polepole kweli, si polepole yako.

Kocha


12 Mei

Kocha wangu,

Ripoti ya mazoezi ni kwamba nimekuwa kichekesho cha mtaa. Nikimaliza kutoa mikate ya asubuhi singojei tena gari, nakimbia mpaka nyumbani na unga kichwani. Juzi fundi saa wa pale pembeni aliruka nje ya kibanda chake kuniuliza nimeibiwa nini.

Sasa nakupa siri na uifunge. Nimekuwa mwepesi. Ndiyo, mimi, yule ambaye miaka yote mlikuwa mnakaa chini mkila ndizi mkinisubiri. Najua wifi ananizidi mbio, atafika mbele yangu, na sheria itamtaka asimame pale mstarini. Namwona akisimama peke yake mbele ya umati, akitazama nyuma barabarani, na anayekuja si kaka. Ni mimi nahema kama mvukuto. Sitaki, Kocha. Nataka nifike kwanza mimi, nisimame mimi, akitokea aone kuna mtu anamsubiri. Ndiyo maana natoka jasho. Usimwambie, atapunguza mwendo kwa huruma.

Jambo la pili. Kuna kitu anaficha. Barua zake zimekuwa nadhifu kama mashuka yake. Hataki kulala nyumbani, anasema binti achukue chumba. Mtu anayekusudia kurudi hasemi hivyo. Nadhani anaumwa. Kaka naye alificha, akituambia ni uchovu tu, mpaka tukamfikisha hospitali hata kusimama hawezi. Nikimpoteza huyu nitakuwa nimemzika kaka mara ya pili, na safari hii sitakuwa na mkono wa kushika.

Wewe anakuandikia. Anaumwa?

Mama Tanuri


20 Mei

Mama Tanuri,

Haumwi. Usiniulize nimejuaje.

Kukimbia na unga kichwani si kosa, kukimbia bila kunywa maji ni kosa. Kunywa.

Siri yako nimeifunga. Sanduku limejaa, msinitumie nyingine.

Kocha


16 Juni

Wifi,

Sitazunguka. Nilimuuliza Kocha kama unaumwa, akaapa huumwi. Nimefurahi kiasi cha kuunguza trei nzima. Lakini kama huumwi, basi kuna nini? Mimi si mtoto. Nilikuosha miguu ilipovimba ukiuguza mume, leo unaniandikia kama unamwandikia mwenye nyumba wako.

Kama nimekukosea, sema. Kama ni lile neno langu la kutaka urudi, limekubana, sema pia. Ninachotaka kujua ni kimoja tu, kama bado nina wifi.

Mimi


25 Juni

Wifi,

Hujanikosea hata kidogo. Kuna jambo, na umeliona, kwa sababu wewe huwezi kufichwa kitu. Nina hofu nalo kuliko nilivyohofia jambo lolote tangu msiba. Nitakuambia uso kwa uso. Nipe mpaka siku ya mbio. Tukishavuka mstari pamoja, kabla hata sijanywa maji, nitakuambia.

Mpaka hapo usiache kuniita wifi.

Wako


8 Julai

Wifi,

Umeondoka jana bila kuniaga, na simu umezima. Naandika nikiwa na namba ya mbio bado imebandikwa kifuani, sijui hata nilipandaje basi nayo.

Nikueleze nilikokuwa. Basi lilichelewa. Nilipofika watu walishaanza kutimka, nikajibandika namba huku nakimbia, nikaanza mwisho kabisa. Nikawa napita watu mmoja mmoja nikikutafuta. Pale kituo cha mafuta nikampita mama mmoja mwenye kitambaa cha njano kichwani kama chako, ameinama anafunga kamba za kiatu. Nikajua ni wewe. Nikaita, ukapunga mkono. Sasa najua hakuwa wewe, alikuwa mama wa watu mwenye adabu zake.

Kwa hiyo nikajihesabu kuwa mimi ndiye wa mbele, na nilipofika darajani nikasimama.

Utauliza kwa nini darajani wakati sheria inasema mstarini. Hili hamkuwahi kulijua. Mume wangu hakunisubiri mstarini hata mara moja. Alinisubiri darajani. Alisema pale mwisho kuna macho mengi na mimi nikichoka sipendi kutazamwa. Nilikuwa namkuta ameegemea ukingo, ananipa chupa, napumua, ananipangusa uso kwa fulana yake, halafu tunateremka taratibu mpaka mstarini kama watu waliokuwa pamoja njia nzima. Nyinyi mkapiga makofi mkidhani ndiyo tumekutana pale. Mimi sijui namna nyingine ya kumsubiri mtu. Nilikusubiri nilivyofundishwa na kaka yako.

Watu wakapita, wakapungua, wakaisha. Sikuwa na hofu, wewe huwa unachelewa. Nilikuwa naegemea ule ukingo nikijifunza namna ya kukuambia. Mwishowe likaja gari linalokusanya koni za barabarani. Dereva akatoa kichwa akasema, "Mama, nyuma hakuna mtu tena."

Nikamwambia, "Yupo, wifi yangu."

Akasema, "Labda yuko mbele."

Wifi, nilivyokimbia kutoka hapo sijawahi kukimbia. Na nilipotokeza nikakuona umesimama hatua moja kabla ya mstari, lile geti la mpira linalojazwa upepo limeshalala chini, na kando yako amesimama yeye. Nilimwambia asije. Nilimwambia bado. Mlinyoosha mikono wote wawili kunipungia, kisha mkatazamana, nami nikaona uso wako ukibadilika. Ukachukua begi lako.

Ni fundi bomba wa hospitali. Ameniomba tuoane. Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Nilikuahidi nitakuambia tukishavuka mstari, na hatukuvuka.

Wifi yako, kama bado


10 Julai

Kocha,

Wewe si kocha, wewe ni jiwe. Ulijua. Umekaa huko na goti lako unajua kila kitu, unaniambia ninywe maji.

Nikupe ripoti basi. Mwanzoni sikumwona wifi, nikadhani yumo katikati ya umati, nikatimka. Nilikimbia vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Nilimpita hata mwenzake Kinyozi, akadhani ameota. Nilipofika mstarini nikauliza, wifi amepita? Wote wakasema hawajamwona. Nikafurahi, nikasema nimemuwahi, nikasimama. Wasimamizi wakanisihi nivuke, watu wakapiga kelele, "Mama, hatua moja tu!" Nikawaambia nyinyi hamtujui sisi. Kinyozi na wengine wakavuka, wakabadilisha nguo, wakaondoka. Mimi nipo, na jua lipo utosini.

Pembeni kulikuwa na tangi la maji, koki yake inavuja. Akatokea mwanaume mmoja mtulivu, akaangalia lile tone linavyodondoka kama linamdondokea yeye moyoni. Akatoa kipande cha mpira mfukoni, akachuchumaa, akafunga, likakauka. Akanawa mikono, akanijazia chupa bila kuombwa. Nikampenda hapo hapo, sikufichi. Nikasema moyoni kuna wanaume wachache wanaoona kitu kikivuja.

"Unamsubiri nani, dada?" akaniuliza.

Ningesema ni mke wa marehemu kaka yangu ningelia, kwa hiyo nikasema, "Mwenzangu wa klabu. Atakuwa anachuma maua njiani. Na wewe?"

"Mtu wangu."

"Mkeo?"

"Bado. Kuna mtu lazima amwambie kwanza."

"Baba yake?"

"Wifi yake. Mume alifariki, wifi ndiye aliyebaki naye. Si kwamba anamwogopa. Anaogopa kumkosa."

Na mimi, Kocha, kwa mdomo wangu huu, bila kulazimishwa na mtu, nikasema, "Wifi gani huyo? Ana roho ya namna gani? Ndugu yake atafufuka kwa sababu mjane analala peke yake? Mwambie aolewe, huyo wifi akinuna, na anune!"

Nimesema hivyo mbele ya tangi la maji. Sikuunganisha. Au sikutaka kuunganisha, sijui. Jua lilikuwa kali.

Akacheka kidogo. Akasema, "Mimi kwetu ni peke yangu. Ningekuwa na dada ningemtuma akazungumze naye. Nyinyi wanawake mnajua pa kuanzia."

Nikamwambia, "Ungenituma mimi. Ningemnyoosha."

Ndipo wifi akatokeza kule juu barabarani, anakimbia kama mtu anayefukuzwa, na mimi nikainua mkono, na yeye akainua mkono.

Unajua kilichoniuma ni nini? Si kwamba amenificha siri, hata mimi nilikuwa na yangu. Si hata huyo mwanaume, maana nimeshakuambia nilimpenda kabla sijamjua. Kilichoniuma ni kwamba nilimtazama wifi akija mbio, uso umejaa machozi, na sikujua anamkimbilia nani kati yetu wawili. Sikutaka kusimama pale nikajua.

Sitaandika ripoti nyingine. Futa jina langu.

Mama Tanuri


19 Julai

Mama Tanuri,

Nilijua. Mwezi wa nne aliniomba nisimpange na wewe. Alisema anakupenda kuliko dada zake wa tumbo moja na anaogopa siku utakapokosa jina la kumwita. Nikakataa ombi. Sasa nimetoa siri ya mtu kwa mara ya kwanza katika kazi hii, nifukuzeni klabu mkitaka.

Unauliza alikuwa anamkimbilia nani. Wifi yako ameniandikia: yule bwana alikuwa amemwambia asije. Wewe alijua upo.

Matokeo: klabu ya mwisho. Kinyozi ameniandikia. Anasema wenzetu wa klabu nyingine walimuuliza, yule mama wa mstarini alikuwa anafanya nini, naye alipowaeleza hakuna aliyecheka. Haombi tena sheria ifutwe.

Jina halifutwi. Pumzisha goti.

Kocha


28 Julai

Wifi,

Hujajibu, na nimeacha kutazama sanduku la posta kwa sababu wasichana wameanza kunihurumia. Naandika mara hii moja, halafu nitakuacha upumzike na barua zangu.

Fundi nimemwambia asubiri. Hakuuliza mpaka lini. Alisema tu kwamba ameishi maisha yake yote bila ndugu, na anajua mtu akiwa na ndugu asimwachie. Sitaolewa hali wewe umeninunia. Si kwamba nakutishia. Nimejaribu kuiwaza siku hiyo bila wewe, nikaona ukumbini watu wote wamekaa na kiti kimoja kitupu ndicho kinachoonekana.

Na kaka yako sijamsahau. Najua hukuuliza. Bado nikikunja shuka pembe ya mwisho namkumbuka, alikuwa hawezi kukunja hata leso. Kumpenda huyu hakujamtoa yule. Nilidhani kungemtoa, na ndiyo maana nilijichukia mwanzoni.

Niite unavyotaka. Mimi nitaendelea kusaini hivi.

Wifi yako


11 Agosti

Wifi,

Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nina hasira, halafu nikawa na aibu ya kuwa na hasira, halafu tanuri likaharibika. Sasa vyote vimetengemaa, naandika.

Juzi nilikwenda darajani. Peke yangu, kwa miguu, na nguo za kazi. Nilitafuta mahali unaposema alikuwa anaegemea, na nadhani nimepaona, ule ukingo umelainika sehemu moja. Nikaegemea. Ukisimama pale unaona barabara yote wanakotokea watu. Nililia, wifi, nililia mpaka muuza magazeti akaja kuniuliza kama nataka kujirusha. Nilidhani nimeshajua kila kitu kuhusu kaka yangu, kumbe alikuwa na mahali pake pa siri pa kukupangusa jasho. Asante kwa kunipa. Ungeolewa siku ile ile ya mbio bila kuniambia hilo, nisingekusamehe. Kuolewa kwenyewe nakusamehe.

Chumba nimempa binti. Ameshabandika makaratasi ukutani na amefunga mlango, hatumwoni mpaka njaa imshike. Viatu vya kaka nimeviweka chumbani kwangu. Vyako njoo uvichukue mwenyewe, sivitumi kwa posta.

Nimelifikiria lile swali lako la jina, ambalo Kocha amenifikishia kinyume cha kanuni zake zote. Ukiolewa na mtu wa watu, mimi nitakuwa nani? Nimekanda unga asubuhi zote hizi nikiliwaza. Ningekuwa mtu wa zamani. Watu wangeuliza, huyu nani yako, ungesema, ah, ni hadithi ndefu. Sitaki kuwa hadithi ndefu.

Mwambie fundi hivi. Siku ile mstarini alisema kwao ni peke yake, na kwamba angekuwa na dada angemtuma akazungumze na yule wifi mkorofi. Mimi nikamwambia anitume mimi. Mtu akinituma kazi mimi huifanya. Basi mpe majibu: dada yake amekwenda. Amemkuta huyo wifi jikoni amevimba kama mkate uliozidishwa hamira. Wamekaa, wamezungumza, wamelia, wametukanana kidogo. Ilikuwa kazi, mwanamke yule ni mkaidi na kwao wote wako hivyo. Lakini amekubali.

Siku ya harusi nitakaa upande wa bwana harusi, viti vya ndugu, vyote vyangu. Asiniletee mtu mwingine pale. Na atakayeuliza mimi ni nani yako, mjibu kwa kifupi.

Njooni Jumapili. Tutapita darajani kwanza, kisha tuteremke taratibu mpaka pale mwisho. Mstari umeshafutika lakini mimi najua ulipokuwa. Nilisimama nao muda mrefu.

Wifi yako,
dada wa fundi bomba